Mi ni fundi simu, na hii ndo sababu nikipanda ndege siachi mtandao umewashwa

fundi_bodi #1

Wakuu salaam.

Kila ikija habari ya simu ndani ya ndege watu wanagawanyika makundi mawili, wapo wanaosema ukiacha simu hewani ndege itaanguka na wapo wanaosema ni uongo mtupu, ingekuwa kweli simu zingekusanywa mlangoni kama wanavyokusanya visu na mikasi. Mi siko kwenye kundi lolote hapo. Nina sababu yangu ambayo sijaona mtu akiisema na nimeitoa mezani kwangu, natengeneza simu huu mwaka wa kumi na moja na kabla ya hapo nilikuwa nahangaika na redio. Ni ndefu kidogo mnivumilie.

Simu inatoa mawimbi ya namna mbili. Kuna yale ya makusudi, ya kuongea na mnara, Wi-Fi, Bluetooth. Simu ya GSM, yaani ile 2G, kwenye masafa ya megahezi 900 inaweza kufika wati 2 ikiwa mnara uko mbali, ya 4G kawaida inaishia 0.2, Wi-Fi kama 0.1 hivi, iyafoni za Bluetooth chini sana ya hapo. Halafu kuna mawimbi ambayo hakuna aliyeyaomba, yanavuja tu, kwa sababu ndani ya bodi kuna saa inayopiga mamilioni ya mara kwa sekunde moja na kitu kinachopiga namna hiyo kinazaa masafa mengine juu yake, mara mbili ya yale ya kwanza, mara tatu, mara tano. Chukua kristali, ndo hiyo saa yenyewe, ya megahezi 24, kitu cha kawaida kabisa kwenye vifaa vyetu. Zidisha mara 5 unapata 120. Na kati ya 118 na 137 ndo rubani anaongea na waongoza ndege.

Hii stori haikuanza na simu jamani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu walianza kupanda ndege na redio ndogo za FM. Ungesema redio inapokea tu haitumi kitu, itadhuru nini? Kumbe ili redio ikamate stesheni ya 100 inabidi ndani yake itengeneze masafa yake yenyewe, yanayozidi yale ya stesheni kwa 10.7, ichanganye hayo mawili ndo sauti ipatikane. 100 na 10.7 ni 110.7. Na yale masafa ya ndani hayatulii ndani, yanatoka. Sasa 110.7 ni mojawapo ya masafa ya ILS, ule mfumo unaomuonesha rubani kama ndege imenyooka na katikati ya njia ya kutua au imekwenda pembeni. Yaani abiria yuko kwenye siti anasikiliza muziki wake na redio yake inapiga kelele palepale ambapo chombo cha rubani kimetega sikio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Marekani wakazikataza redio za FM ndani ya ndege, na sheria ya vifaa vya abiria unayoisikia leo ndo ilikotokea. Hesabu hii ya 10.7 nilipoijua nilikaa nayo siku nzima, maana redio za namna hiyo nimefungua nyingi mno na haikuwahi kunijia kwamba kinachopokea nacho kinatuma.

Sasa nije kwenye ninachotaka kusema.

Mtu akifungua simu anakuta juu ya bodi kuna vibati, vile vifuniko vya chuma vyembamba vilivyofunika prosesa, sehemu ya nguvu na sehemu ya mtandao. Wengi wanadhani ni vya kulinda IC, vile vidude vyeusi vya kwenye bodi, zisigongwe. Hapana, kazi yake kubwa ni kuzuia ule uchafu usitoke nje na wa nje usiingie. Simu inapimwa maabara ikiwa na vibati vyote, inapewa kibali ikiwa na vibati vyote.

Halafu inadondoka kwenye maji inaletwa kwa fundi. Vibati vingine ni vya kubana, unanyanyua unarudisha. Vingine vimechomelewa, mpaka upulize bloa, na ukishakinyanyua kwa joto kile kimekunjika, ukikirudisha hakikai, mteja anakusubiri mlangoni anaangalia saa, simu inawaka, inapiga, inashika chaji. Unafunga. Kibati kinabaki mezani. Mafundi wenzangu mnajua naongea nini na najua hamtapenda nimeandika hapa.

Simu hiyo kwa jina ni modeli ileile iliyopimwa, kwa mawimbi sio yenyewe tena. Na anayeibeba hajui.

Kampuni ya Boeing iliwahi kuandika wazi visa walivyoletewa na mashirika ya ndege. Mwaka 1995 kompyuta mpakato ya abiria kwenye 737 ilidaiwa kusababisha otopailoti, mtambo unaorusha ndege badala ya rubani, ijitoe yenyewe ndege ikiwa juu. Boeing wakainunua ile kompyuta yenyewe kutoka kwa abiria, wakaipima maabara, wakakuta kweli kuna masafa inavuka kiwango, lakini walipoiweka kwenye ndege tatizo halikujirudia. Mwaka 1998 kwenye 747, kompyuta ya kiganjani ya abiria ikadaiwa kuifanya ndege ianze kuinama na kukata kona taratibu. Wakaizima, dakika moja baadaye ndege ikarudi kwenye njia yake. Wakaipeleka kwa marubani, wakaiwasha tatizo likarudi, wakaizima likaondoka. Safari hiyo Boeing hawakuipata ile yenyewe, ikabidi watafute nyingine ya modeli ileile, wakaipima na hawakuweza kuthibitisha lile tatizo.

Watu wengi wakisoma kisa hicho wanasema unaona, hakuna kitu. Mi kama fundi nasoma tofauti kabisa. Modeli ileile sio kifaa kilekile. Mteja akiniletea simu inayozima kila saa siwezi kuchukua simu nyingine ya aina hiyo dukani nikaiona nzima nikamwambia mteja simu yako haina shida.

Uzi tayari, karibuni.

kunguru_mweupe #2

Mkuu umeandika vizuri ila bado sijashawishika. Mi nimesafiri sana, mara nyingi tu nimesahau kuzima na tumetua salama. Chukua ndege ya watu 180, nani ataniambia wote wameweka flaiti modi? Haiwezekani. Kwa hiyo kila siku, kila ndege, simu ziko hewani na ndege hazianguki. Hiyo si ndo testi yenyewe? Testi ya miaka zaidi ya 20 na abiria wote wa dunia. Hivyo visa viwili vitatu vya miaka ya 90 mi naona ni marubani wamekutana na hitilafu yao nyingine wakatafuta wa kumtupia.

fundi_bodi #3

Kunguru hapo kwenye simu ziko hewani kila siku tunakubaliana, tena ilishapimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Carnegie Mellon waliingia na kifaa cha kupima mawimbi kwenye safari 37 za abiria ndani ya Marekani wakakuta kwa kawaida kila safari inapigwa simu moja mpaka nne, wakati huo ikiwa imekatazwa kabisa. Kwa hiyo sikatai.

Na sijasema simu yako itaangusha ndege. Ndege imejengwa ikijua kuna mawimbi, inapita karibu na rada, inapita juu ya minara ya tivii, inapigwa na radi inaendelea na safari. Nyaya zake zimevikwa, vyombo vyake vinapigwa mawimbi makali maabara kabla ya kufungwa. Ndo maana tarehe 31 Oktoba 2013 mamlaka ya anga ya Marekani FAA ikaruhusu vifaa vitumike mwanzo wa safari mpaka mwisho, ili mradi shirika lithibitishe ndege zake zinahimili na simu iwe flaiti modi. Ulaya EASA wakaruhusu Desemba mwaka huohuo, na Septemba 2014 wakaenda mbali zaidi, wakasema hata flaiti modi shirika linaweza lisiidai kama limejiridhisha. Wangekuwa wanaona hatari kubwa wasingefanya hivyo.

Lakini angalia mawimbi yanapita wapi. Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kupenya kwenye nyaya na visanduku moja kwa moja, hiyo imezibwa vizuri kwenye ndege za kisasa. Ya pili ni kutoka dirishani. Bodi ya ndege ni chuma ila madirisha sio chuma, mawimbi yanatoka pale yanatambaa nje ya bodi mpaka kwenye antena. Na antena huwezi kuivika chochote, kazi yake ni kusikia. Mawimbi ya GPS yanatoka satelaiti ya umbali wa kilomita 20,000 na yakifika huku ni dhaifu kiasi ambacho hakisemeki, sasa kitu kidogo tu kikivuja kwenye masafa yaleyale mita chache kutoka kwenye antena, kwa antena ile ni kelele. Kwenye njia hii nguvu ya simu sio hoja sana, hoja ni imevuja kwenye masafa gani, na umekaa siti gani, dirisha gani, antena iko wapi.

Ndo maana hesabu yako ya kusema safari zote zimepita salama mi hainitoshi. Hatujui zile zimepita na simu za hali gani.

mwanahewa #4

Habari zenu. Mi najifunza urubani, bado niko kwenye ndege ndogo za injini moja. Nitasema nilichokisikia kwa masikio yangu.

Wote mnajua ule mlio spika inafanya simu ikiwa karibu kabla haijaita, drr drr drr drrrr. Sasa vaa hedseti, uko futi 1,500 unakaribia kutua, muongozaji anakusomea maelekezo anakwambia ushuke futi ngapi na nani yuko mbele yako, na katikati ya maneno drr drr drr. Ilinitokea, simu ya mwalimu wangu ilikuwa mfukoni. Nilisikia nusu ya sentensi. Nikaomba arudie, akarudia, hakuna kilichoharibika. Lakini siku ile nilijua hili jambo sio la kinadharia. Hakuna chombo kilichokufa, hakuna mshale uliocheza, ni namba moja tu sikuisikia.

Mkuu fundi unaweza kueleza ule mlio unatoka wapi? Maana mwalimu alisema simu za sasa hazifanyi sana.

fundi_bodi #5

Asante sana mwanahewa, hiki ndo kitu nilikuwa nataka mtu wa kazi akiseme.

GSM haitumi mfululizo, inatuma kwa zamu na wenzake, inafyatua kidogo inanyamaza inafyatua tena, mara 217 kwa sekunde. Mdundo wa 217 sikio linausikia vizuri kabisa. Waya wa spika au hedseti unafanya kazi ya antena, transista ya kwanza inayokutana nao inageuza ile fyatuafyatua kuwa sauti. 3G na 4G zinatuma kwa mtindo mwingine, mdundo ule hauko vile, na nguvu yake iko chini, ndo maana mwalimu wako kasema hivyo. Ila simu ikikosa mtandao wa 4G inashuka kwenye 2G kama bado upo, na ukiwa angani inaweza kufanya hivyo.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Simu ikiwa juu kabisa haina mtandao huwa haitumi muda wote, inasikiliza tu inatafuta. Tatizo liko pale ndege inaposhuka, inaanza kuonja minara, kila simu iliyoachwa hewani inaamka inataka kujiandikisha, na inajiandikisha kwa nguvu kubwa maana mnara bado uko mbali. Zote kwa pamoja, dakika zilezile ambazo rubani ana kazi nyingi kuliko muda wowote wa safari. Ukinipa ruhusa ya kuchagua wakati mbaya wa kelele ningechagua huohuo.

namba_shufwa #6

Naomba nirekebishe kitu kabla hakijasambaa, maana watu wanachanganya mamlaka mbili. Marekani simu ya mkononi kupiga ukiwa angani ilikatazwa mwaka 1991 na FCC, ambao ni watu wa mawasiliano, sio wa ndege. Na sababu yao haikuwa ndege, ilikuwa minara ya chini. Simu ikiwa chini inaona minara michache, majengo na vilima vinaziba, na mtandao umepangwa kwa kutegemea hilo, masafa yanayotumika mnara huu yanarudiwa tena kwenye mnara mwingine mbele kidogo. Ukiwa kilomita 10 juu hakuna kinachoziba, simu moja inaonekana na minara mingi kwa mara moja na inahama kwa mwendo wa ndege. Inavuruga mpangilio mzima. Mwaka 2013 walipendekeza kuilegeza, 2020 wakaifuta hiyo hoja, kwa hiyo katazo bado lipo.

Kwa hiyo anayesema walikataza simu kwa ajili ya mitandao yupo sahihi nusu, na anayesema ni kwa ajili ya ndege yupo sahihi nusu. Ni sheria mbili zimekutana kwenye tangazo moja la mhudumu.

Kitu kingine, Machi 2008 Emirates walianza kuruhusu kupiga simu ndani ya ndege. Walichofanya ni kuweka kamnara kadogo ndani ya ndege yenyewe. Simu ikiona mnara uko mita chache haina haja ya kupiga kelele, inashusha nguvu mpaka mwisho wake. Toka wati 2 mpaka sehemu chache tu za elfu moja ya wati. Inanong'ona. Mi naona hii ni akili kubwa kuliko kukataza.

fundi_bodi #7

Nimekupata mkuu na nashukuru, ile ya FCC kweli sikuigusa na ilistahili kuwemo. Na hiyo ya kamnara nakubali kabisa kwa mawimbi ya makusudi, nguvu inashuka. Ila yale yanayovuja kwenye bodi iliyovuliwa vibati hayamsikilizi mnara, yanavuja vilevile.

mwanahewa #8

Nilisahau kisa kimoja ambacho darasani tulikisoma na kimenikaa. Tarehe 6 Juni 2003, Christchurch, New Zealand. Ndege ndogo ya injini mbili, Piper Navajo Chieftain, watu 10 ndani, usiku, hali ya hewa mbaya, inatua kwa ILS. Ikashuka chini ya mstari wake ikagonga miti kabla ya kufika njia ya kutua. Rubani na abiria 7 wakafariki, wawili wakapona.

Simu ya rubani mwenyewe ilikuwa imepiga nyumbani na ikabaki imeunganishwa dakika tatu za mwisho. Wachunguzi hawakusema simu ndo iliyoua, walisema rubani hakufuatilia ilivyotakiwa ndege iko juu kiasi gani, alishuka chini ya kiwango cha kuamua, ule urefu ambao rubani lazima achague kutua au kupaa tena, bila kuiona njia. Lakini waliandika kwamba simu yake huenda iliingilia chombo kinachoonesha mteremko wa kutua.

Huenda. Hilo neno ndo linalonisumbua maana halitabadilika. Mawimbi hayaachi alama. Chuma kikivunjika kinaokotwa kinawekwa chini ya hadubini, waya ukiungua unaonekana, ila mshale uliosogea kwa sababu ya kelele ukisharudi umesharudi.

binti_wa_mzee #9

Samahanini wakuu nawaingilia, mi sio mtaalamu. Baba yangu amewekewa kifaa cha moyo na anavaa cha masikio pia. Tunamsafirisha mwezi ujao kwa ndege. Nimesoma huu uzi nikaogopa, je watamwambia azime? Na simu za watu zitamuathiri?

fundi_bodi #10

Dada usiogope kabisa, na pole kwa mzee. Hata ile sheria ya Marekani yenye ukali wa zamani iliviweka kando vifaa kwa majina, kifaa cha moyo, vifaa vya kusaidia kusikia, vinasa sauti na mashine za umeme za kunyolea. Hakuna mhudumu atakayemwambia mzee azime. Vifaa vya moyo vyenyewe vinatengenezwa vikiwa na kinga dhidi ya mawimbi, na ushauri wa kawaida wa madaktari ni simu isikae kwenye mfuko wa shati juu ya kifaa, ikae kama inchi sita mbali. Simu ya abiria wa siti nyingine haina habari naye. Kwenye lango la ukaguzi aoneshe kadi yake ya kifaa na afuate wanachomwelekeza. Daktari wake mwulizeni pia kabla ya safari.

kunguru_mweupe #11

Haya mi ni mbishi lakini nasikiliza. Jibu hili basi. Desemba 2011 American Airlines waliruhusiwa marubani watumie iPad kwenye chumba chao, safari nzima, kupaa na kutua. Wakati huohuo mi abiria wa siti ya 30 huko nyuma naambiwa nizime yangu. Ipo karibu zaidi na vyombo ile ya kwao au yangu?

fundi_bodi #12

Swali zuri na wengi walikasirika kwa hilo, na kwa kweli ndo moja ya vitu vilivyosukuma mabadiliko ya 2013.

Tofauti ni kwamba zile mbili za marubani zinajulikana. Zimepimwa kwenye aina ileile ya ndege, zinakaa pale walipopima, na shirika ndo linazitunza. Kwenye siti 180 nyuma kuna vifaa kama 400 ukihesabu simu, tableti, saa, iyafoni, na hakuna mtu yeyote duniani anayejua vina hali gani. Ipi imelowa, ipi ina betri ya kuchomeka, ipi imepita kwa fundi wa aina gani. Vingi vya hivyo vikiharibika havizimi, vinaendelea kufanya kazi vikiwa vibovu. Narudi palepale, sio umbali, ni kujua.

Na usidhani vyombo vya ndege havina upungufu, hilo nalo nilitaka kulisema. Mwaka 2014 FAA iliagiza skrini za aina fulani kwenye vyumba vya marubani vya Boeing 737 na 777 zibadilishwe, ndege zaidi ya 1,300 zilizosajiliwa Marekani, wakapewa miaka 5. Sababu ni kwamba wakati wa kupima Wi-Fi ya abiria kwenye ndege waligundua skrini hizo zinaathirika na mawimbi ya Wi-Fi kwa nguvu ndogo kuliko zilivyotakiwa kuhimili, zinaweza kuzimika kwa muda. Ziligunduliwa kwenye vipimo, sio kwenye ajali, na mi nawapongeza kwa hilo. Ila jiulize, skrini zile zilikuwa zimeshafungwa, zinaruka kila siku, na kila mtu alikuwa anasema ndege za kisasa zimekingwa. Kinga ilikuwepo, isipokuwa pale ambapo haikuwepo.

Hata kwenye ruhusa ya 2013 waliacha mlango, kwamba ukungu ukiwa mzito sana rubani anaweza kuagiza vyote vizimwe, maana baadhi ya mifumo ya kutua haijathibitishwa. Walikadiria ni kama safari 1 kati ya 100. Siku ukisikia tangazo hilo ujue sio utaratibu wa kukariri, kuna mtu mbele anatua bila kuona.

kunguru_mweupe #13

Sawa. Hiyo ya skrini sikuijua. Hapo umenipata.

masafa_mapana #14

Na ile ya 5G? Niliona ndege zinafutwa Januari 2022, watu wakasema simu za 5G zinaangusha ndege. Ni hilihili au jingine?

namba_shufwa #15

Jingine mkuu, naomba nilijibu kwa kifupi. Ile ilikuwa minara ya chini, sio simu za abiria. Ndege ina redio altimita, inatuma wimbi chini na kupima linavyorudi ili ijue iko juu ya ardhi kiasi gani, inatumia gigahezi 4.2 mpaka 4.4. Kampuni za simu Marekani zikauziwa 3.7 mpaka 3.98. Hazigusani ila zimekaribiana, na altimita nyingi zilitengenezwa zamani wakati jirani hapo hakuwa na kelele kwa hiyo vichujio vyake ni vilegevu. Minara ilipangwa kuwashwa tarehe 19 Januari 2022, mashirika kadhaa yakiwemo Emirates yakafuta baadhi ya safari, halafu ikakubaliwa minara iliyo karibu na viwanja isubiri kwanza, na ndege zikaongezewa vichujio mpaka Julai 2023. Hakuna ndege iliyoanguka.

Ila inaunga mkono alichosema fundi, kifaa hakikubadilika, jirani ndo alibadilika.

binti_wa_mzee #16

Asanteni sana kwa majibu, nimetulia. Sasa fundi umenitia wasiwasi mwingine, simu yangu ilibadilishwa sehemu ya chaji mwaka jana na baadaye ikafunguliwa tena bodi. Nitajuaje kama kibati kimerudishwa?

fundi_bodi #17

Dada kwa kuangalia nje hutajua. Kuna dalili ila sio uthibitisho. Simu isiyo na kibati mara nyingi inajidhuru yenyewe kwanza, GPS inachelewa kushika wakati zamani ilikuwa inashika haraka, mtandao unashuka mahali ambapo mwenzako mwenye simu kama yako ana alama kamili, au ukiwasha kamera ndo mtandao unapungua.

Unaweza kufanya hivi pia. Chukua redio ya AM, iweke mahali pasipo na stesheni isikike ile shiii, sogeza simu yako ikiwa flaiti modi, washa skrini, fungua programu nzito. Utasikia kelele, hiyo ni kawaida kila simu inafanya. Halafu chukua simu ya modeli hiyohiyo ambayo haijawahi kufunguliwa, ifanye vilevile kwa umbali uleule. Kama yako inapiga kelele mbali zaidi, irudishe kwa fundi. AM ni masafa ya chini mno, haikwambii inavuja nini kule kwenye 110 au 120, ila bodi iliyo wazi huwa inajitangaza. Na ukienda kwa fundi muombe kabla hajafunga akuoneshe bodi. Utaona fremu tupu ya chuma bila kifuniko, hata usiyejua utaiona. Fundi mzuri hatakasirika.

Na flaiti modi inazima yale ya makusudi tu, yanayovuja yanaendelea kama kawaida mpaka uizime kabisa. Kwa simu ambayo una mashaka nayo, mi ningeizima kabisa wakati wa kupaa na kutua.

Nimalizie na hili. Jana usiku baada ya kujibu post ya kwanza ya Kunguru nilikwenda kwenye kopo langu la mezani, lile ninalotupia skrubu na vitu vidogo. Nimekuta vibati 14. Vingine navijua, ni vya bodi zilizokufa. Vitano vimekunjika kwa bloa, ni kazi za mwanzoni nilipokuwa najifunza, na simu zake ziliondoka mezani kwangu zinawaka. Namba za wateja wangu wa zamani ziko kwenye daftari. Asubuhi nimepiga tatu, mmoja kasema simu ilishakufa, mmoja kaniuliza kama nataka hela, na mmoja anakuja kesho saa nne.